Fomu Isiyotiwa Sahihi

 

Somo letu limetoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, habari za Isaka na visima. Mmesikia jinsi alivyovifukua tena visima vya baba yake Ibrahimu, ambavyo Wafilisti walikuwa wamevifukia, akavipa majina yale yale ya zamani. Nimelijua somo hili tangu Shule ya Jumapili, lakini kuna swali ambalo sikujiuliza mpaka nilipokwenda Uingereza. Isaka aliyajuaje yale majina? Tena alijuaje mahali pa kuchimba, ikiwa visima vilikuwa vimejazwa udongo na baba yake amekwisha kufa? Mimi nadhani palikuwa na mzee fulani, labda mchungaji wa ng'ombe, aliyemshika mkono na kumwonyesha.

Basi leo sitazungumza juu ya visima. Nitazungumza juu ya njia za farasi. Najua mnaonifahamu mnacheka, maana mimi ni mwanamke wa Nyeri, na mnyama pekee niliyewahi kumpanda ni punda wa jirani, naye aliniangusha.

Nilikuwa nikifanya kazi ya kuwatunza wazee katika kaunti ya Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ni nchi tambarare yenye udongo wa mfinyanzi na mashamba makubwa ya ngano na shayiri. Kazi ilikuwa njema, lakini siku za mapumziko zilikuwa ndefu na chumba changu kilikuwa kimya mno. Jumapili moja ya Septemba 2022 niliona tangazo mlangoni mwa kanisa. Chama cha wapanda farasi cha sehemu ile kilitafuta watu wa kujitolea kutunza njia, na chini yake iliandikwa kwamba si lazima uwe na farasi. Nikaenda. Nikakaa nao mwaka mzima.

Huko Uingereza, wapendwa, kuna njia za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu. Shamba ni mali ya mwenyewe, lakini haki ya kupita ni ya kila mtu, na mwenye shamba haruhusiwi kuifunga. Njia nyingi ni za waendao kwa miguu tu. Nyingine ni za farasi, na hizo mtu wa miguu naye hupita, na tangu sheria ya mwaka 1968 hata mwenye baiskeli. Utazitambua kwa mshale wa buluu kwenye nguzo. Wa miguu ni wa manjano. Lakini katika kila kilomita 100 za njia hizo, farasi anaruhusiwa katika kilomita 22 hivi tu. Zilizobaki zimemfungia. Ndiyo maana wapanda farasi hulazimika kutokea kwenye lami, kati ya malori. Tangu Januari 2022 kanuni za barabara zinamtaka dereva ampite farasi polepole, chini ya kilomita 16 kwa saa, na kumwachia nafasi ya mita 2 au zaidi. Nilisimama barabarani mara nyingi nimevaa fulana ya manjano inayong'aa, na ninawaambia, wako wanaotii na wako wasiotii, kama kwetu tu.

Kazi ya Jumamosi ilikuwa ya jasho. Tulikata miiba na matawi, na si usawa wa kichwa chako tu, bali juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi juu ya farasi. Tulifyeka thabai iliyoziba njia. Nilipowaambia wenzangu kwamba kwetu mlimani tunaichemsha na kuiponda pamoja na mahindi na viazi, walinitazama kwa huruma! Tulipima malango. Lango la njia ya farasi lisipungue upana wa futi 5, na komeo liwe mahali ambapo mpandaji anaweza kulifungua bila kushuka. Lango lililolegea bawaba linaweza kumgonga farasi ubavuni naye akashtuka, na mtu akavunjika mguu. Ni jambo dogo, bisibisi na mafuta kidogo, lakini lazima mtu atoke nyumbani kwake akalifanye.

Kisha kuna habari ya kulima. Mkulima anaruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza katikati ya shamba ikiwa haimfai kuiepuka, lakini katika siku 14 airudishe, upana wa mita 2, iwe imara na ionekane. Wengine husahau. Katibu wa chama chetu, mama mmoja mpole sana, alikuwa na desturi yake. Kabla ya kuandika barua yo yote alikwenda kwa mkulima na keki. Nilidhani ni udhaifu. Lakini nilimwona mkulima mmoja, aliyetupokea kwa uso wa mawe, akipitisha trekta siku ya tatu na kuisawazisha njia yote, huku akitupungia mkono.

Sasa nifike kwenye neno lililonileta hapa leo.

Karibu na kijiji kulikuwa na kijia chenye miti pande zote mbili, kikitoka kanisani kuelekea mahali palipokuwa na karakana ya mhunzi zamani. Mwanzo wake palikuwa na lango lenye kufuli. Katika ramani rasmi ya njia za umma hakikuwamo. Ramani hizo zilianza kwa sheria ya mwaka 1949, na katika miaka ya 1950 halmashauri ndogo za vijiji ziliandika orodha ya njia zao. Mahali pengine walifanya kazi nzuri, pengine wakasahau, pengine mwandishi mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenye shamba. Njia iliyosahauliwa haifi kwa sababu hiyo tu. Kwa sheria ya kale ya nchi ile, njia ikishakuwa ya umma hubaki ya umma, hata ikiota nyasi. Lakini sheria ya mwaka 2000 ilitia kikomo: njia za kale ambazo hazitakuwa zimeombewa kufikia 1 Januari 2026 zingeweza kupoteza haki hiyo. Mwaka 2022 serikali ikasema itakiondoa kikomo. Mwaka 2023 ikabadili nia, ikasema kitabaki, ila kisogezwe hadi 2031. Desemba 2024 serikali nyingine ikatangaza tena kwamba itakifuta. Msiniulize zaidi. Ninachojua ni kwamba mwaka ule watu wa chama walikuwa mbioni.

Ushahidi hutafutwa mahali pawili. Pa kwanza ni katika karatasi. Nilikwenda Ipswich, kwenye jumba la kumbukumbu, nikaonyeshwa ramani ya zaka. Ndiyo, zaka! Sheria ya mwaka 1836 iligeuza zaka za mazao kuwa malipo ya fedha, kwa hiyo kila shamba lilichorwa na kupewa nambari. Barabara kwa kawaida haikutozwa zaka. Kijia chetu kilikuwamo, bila nambari, kimepakwa rangi sawasawa na barabara nyingine. Tena ziko ramani za kodi ya ardhi ya mwaka 1910, na mle nako kijia kiliachwa cheupe katikati ya mashamba yaliyotiwa rangi. Hayo si hukumu, lakini ni maneno mazito.

Mahali pa pili ni katika watu. Kama umma umetumia njia miaka 20 mfululizo, kwa wazi, bila kuzuiwa na bila kuomba ruhusa, sheria huweza kuihesabu kuwa ya umma. Kuna fomu. Ulipita tangu mwaka gani? Mara ngapi? Kwa miguu au kwa farasi? Uliwahi kukuta lango limefungwa? Uliomba ruhusa? Kisha unatia sahihi.

Nilipewa fomu tano nizigawe. Moja ilikuwa ya mama mzee wa miaka 88, aliyeishi katika nyumba ya mwisho karibu na lile lango. Huko huwaita wazee kwa jina la ubatizo, hivi hivi tu, na ulimi wangu ulikataa. Nikamwita Nyanya. Alifurahi, kwa sababu nao humwita bibi "Nana".

Nyanya huyu alikunywa chai nami akanisimulia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa farasi wa kulimia, wale wa Suffolk wenyewe, wakubwa, wa rangi ya kahawia nyekundu, ambao leo wamebaki wachache sana. Tangu alipokuwa msichana aliwaongoza kwa mhunzi kupitia kijia kile wakavishwe viatu vya chuma. Baadaye alikuwa na farasi wake mwenyewe, akapita kila wiki, mpaka shamba lilipouzwa na kufuli likatiwa. Nikamwuliza kama waliwahi kuomba ruhusa. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza kama aliomba ruhusa kuvuta pumzi.

Hilo ndilo neno lililotakiwa. Hakuna mwingine aliyebaki ambaye angeweza kurudi nyuma miaka mingi kiasi hicho. Na fomu ilikuwa mkobani mwangu, na kalamu pia. Lakini jua lilikuwa linatua, nilikuwa na zamu ya usiku, na fomu ina kurasa kadhaa. Nikasema nitarudi Alhamisi.

Alhamisi nilichoka. Juma lililofuata mvua ilinyesha. Juma la tatu nilikwenda mjini kununua viatu. Wapendwa, sina udhuru mzuri zaidi ya huo. Nilipobisha mlango wake nilifunguliwa na binti yake aliyetoka mbali. Nyanya alikuwa amepatwa na kiharusi, upande wote wa kulia, na usemi umekwenda.

Nimewatunza wazee, najua kiharusi kilivyo. Nilimshika mkono, naye alinitambua. Fomu sikuitoa mkobani. Katibu wa chama hakunilaumu hata kidogo, na hilo liliniumiza kuliko lawama. Aliniambia niandike mwenyewe yote niliyosikia kwa masikio yangu, tarehe na saa, na kutia sahihi yangu. Nikafanya hivyo. Lakini mimi ni mtu aliyesikia, si mtu aliyepita, na wapimao ushahidi wanaijua tofauti.

Baadhi yenu mnaonisikiliza mnaijua njia ya kwenda mtoni iliyokuwapo kabla ya mashamba kupimwa na kuzungushiwa ua. Mnajua pia ni nani kijijini kwenu anayeikumbuka, na ana umri gani.

Chama kilipeleka maombi kabla sijaondoka: ramani ya zaka, ramani ya 1910, fomu tisa za watu wengine, na karatasi yangu. Foleni ya maombi kama hayo ni ndefu, na katika kaunti nyingine watu husubiri miaka mingi. Kufuli lingali langoni.

Jumamosi yangu ya mwisho, katibu alimleta farasi wake jike mpaka kwenye ua wa Nyanya, mimi nikishika hatamu. Tulimtoa Nyanya nje katika kiti cha magurudumu. Aliweka mkono wa kushoto juu ya pua ya farasi, akakaa kimya hivyo kwa muda. Kisha akapiga mdomo, ule mlio wa wachunga farasi, mara mbili. Hakuwa ametoa sauti yo yote ya maana tangu augue. Farasi akasimamisha masikio, akageuka upande wa kijia, akaanza kutembea, akinivuta mimi nyuma yake hadi kwenye lango. Hapo akasimama, akingoja afunguliwe.