Injini ya kuazima ndani ya NSU

Juma hili naomba tuzungumze juu ya gari. Najua wapo watakaosema huyu leo ameishiwa: wananchi wanagombania daladala, yeye anatuletea habari za gari la Wajerumani. Vuteni subira kidogo. Kila mwenye gari kuukuu, na kila fundi anayemhudumia, siku moja hufikishwa kwenye swali hili: injini ikifa na ya aina yake haipatikani, gari litupwe au litiwe injini ya gari jingine?

Gari lenyewe linaitwa NSU Ro 80. Lilianza kutengenezwa mwaka 1967 katika mji wa Neckarsulm, na kwa mwaka 1968 waandishi wa habari za magari wa Ulaya wakalichagua kuwa Gari la Mwaka. Ukiliona huwezi kuamini kwamba ni rika moja na Peugeot 404. Mbele limeinama, nyuma limepanda, vioo vikubwa pande zote, breki za diski magurudumu yote manne. Pedeli ya klachi halina; dereva akishika tu kirungu cha gia, klachi inajiachia yenyewe.

Lakini lililowatoa watu macho lilikuwa chini ya boneti. Injini yake haikuwa na pistoni za kupanda na kushuka. Ilikuwa injini ya rotari, iliyotokana na ubunifu wa Mjerumani Felix Wankel. Fikiria chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Ndani yake kuna pande la chuma lenye pembe tatu, mfano wa sambusa. Sambusa hiyo inazunguka, na pembe zake zote tatu zinasugua ukuta wa chumba wakati wote. Upande mmoja unavuta hewa na petroli, mwingine unabana na kuchoma, mwingine unatoa moshi, na kila upande hupata zamu yake kwa kila kazi. Hakuna valvu wala kemshafti. Ro 80 ilikuwa na sambusa mbili, ujazo wa sisi 995 tu, na nguvu za farasi 115. Ilizunguka kwa ulaini hata watengenezaji wakaweka kengele ya kumwonya dereva, maana bila hiyo asingetambua kwamba injini imepita kiasi.

Ugonjwa ulikuwa kwenye zile pembe. Kila pembe ina sili inayofanya kazi ambayo kwenye injini tuliyoizoea hufanywa na ringi za pistoni. Ikilika, mbano unapotea na injini inagoma kuwaka. Injini za miaka ya mwanzo zipo zilizokufa kabla ya kilomita 50,000. Waliozidi kuumia ni wenye safari fupi za mjini, washa zima, washa zima, injini haijapata moto. Kampuni ilibadilisha injini kwa dhamana, moja baada ya nyingine. Inasimuliwa kwamba madereva wa Ro 80 walipopishana barabarani walionyeshana vidole, kila mmoja akihesabu injini ya ngapi sasa.

Mwaka 1969 NSU ikaunganishwa na Auto Union chini ya Volkswagen. Mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda, na gari hili lilikuwa linakunywa lita 15 na zaidi kwa kilomita 100. Lilikoma kutengenezwa mwaka 1977, yakiwa yametoka magari elfu thelathini na saba na ushee.

Sasa mwenye Ro 80 ambayo dhamana imekwisha na injini imekufa afanye nini? Injini mpya bei yake ilikaribia kulishinda gari lenyewe. Mafundi wa Ujerumani na wa Uingereza wakapima nafasi. Rotari ni fupi mno, na kwenye Ro 80 imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo injini ya kawaida ya silinda nne kwa mstari ingejitokeza nje kama mdomo wa korongo. Wakaiona Ford V4, silinda mbili huku na mbili huku, fupi, rahisi, spea tele. Ikaingia.

Wenye kuyapenda magari haya wamewasema sana mafundi hao. Wanasema ni sawa na kumvika bibi harusi gamboti. Kweli, V4 inatetemeka na inanguruma. Ule ukimya wa Ro 80 ulikwisha siku hiyo hiyo. Lakini mimi siwezi kuwalaumu. Gari lenye injini ya Ford lilipeleka watoto shule. Lile lililosubiri injini yake halisi lilikwenda kwa wauza vyuma chakavu, na leo halipo la kubishania. Mafundi wetu wa Gerezani, ambao wameitia Land Rover injini ya Toyota na ikapanda milima, nadhani wangewaelewa wenzao mara moja.

Leo magari hayo ya V4 yanarudishwa kwenye rotari, na ubishi mpya umezuka. Wapo wanaotaka injini ile ile ya NSU, yenye namba yake, kwa gharama yoyote. Wengine wanachukua ya Mazda. Wajapani hao walinunua haki ya kutengeneza rotari kutoka kwa NSU wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nao sili ziliwasumbua, zikawa zinachora mikwaruzo ukutani, mikwaruzo waliyoiita kucha za shetani. Tofauti ni kwamba wao hawakuacha. Waliziuza RX-7 kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, na mwaka 1991 gari lao la rotari likashinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans.

Kazi yenyewe si ya kuchomoa na kuchomeka. RX-7 inasukuma magurudumu ya nyuma, Ro 80 inavuta kwa ya mbele. Lazima ichongwe bamba la kuunganisha injini ya Mazda na giaboksi ya NSU, mauntingi mpya zitengenezwe, sampu ya oili ibadilishwe, mabomba ya moshi yapindwe upya. Injini iitwayo 12A, yenye sisi 1,146, nguvu zake haziko mbali na zile za zamani. Ile kubwa ya 13B ina raha zaidi, lakini giaboksi ya mwaka 1967 haikuulizwa kama itaziweza nguvu hizo. Tena Ujerumani gari lililobadilishwa injini halirudi barabarani mpaka wakaguzi waridhike, kama ambavyo hapa kwetu namba ya injini ikibadilika na kadi ya gari lazima ibadilike.

Fundi mmoja wa mtaani kwangu nilipomweleza habari hizi aliuliza neno moja tu: spea? Hapo ndipo ninapokuwa upande wa Mazda. Sili, gasketi na plagi za Mazda bado zinapatikana, na mafundi wanaojua kuifungua injini hiyo wapo. Injini ya NSU yenye namba halali, inayoogopwa kuwashwa isije ikalika, naiona ni pambo la sebuleni. Mwenye kupenda pambo na awe nalo, fedha ni yake. Ila asimwite mwenzake mharibifu, kwa kuwa Ro 80 yenye Mazda inazunguka kimya kama walivyokusudia wenyewe, na inakwenda.

Na ile V4 ikishatolewa, kama ni ya Kijerumani, isitupwe. Saab 96 nazo zilitiwa injini ya ukoo huo kuanzia mwaka 1967, na wenye Saab bado wanaitafuta.