Ngalawa nazo zina haki ya bandari

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya vijana wa baraza moja la Malindi, mjini Unguja)



Nimeombwa niseme juu ya bahari. Nyinyi wa Malindi na Funguni hamfundishwi bahari. Basi nina swali moja tu: upepo ukichafuka usiku huu, ngalawa ya yakhe itakimbilia wapi?

Wapo wanaosema ajali ni kudra, yamekwisha. Kudra tunaiamini. Lakini bahari yetu haina siri. Kaskazi inaingia Desemba na kuvuma mpaka Machi. Kusi inashika Mei, na Juni na Julai ndiyo kali. Mawimbi yana kalenda, ndugu zangu, na jambo lenye kalenda haliitwi la ghafla!

Tazameni kisiwa chenyewe. Makunduchi, Jambiani, Paje na Matemwe zimeelekea bahari kuu. Kinga yao ni mwamba, na mvuvi hutoka na kurudi kwa mlango wa mwamba. Kusi ikipamba moto, mlango ule ule wa riziki ndio unaoua. Sisi wa mjini Shangani inatukinga na kusi, lakini kaskazi inatupiga usoni. Hapo madau yaliyofungwa pamoja hugongana mpaka mbao zikaachana.

Zamani palikuwa na mkono wa bahari ulioingia mpaka Darajani. Ulifukiwa kidogo kidogo hadi miaka ya 1950, na leo ni barabara na maduka. Sisemi ufukuliwe. Nauliza: mwenye chombo kidogo alipewa nini badala yake?

Wala msidhani vimbunga ni vya Msumbiji peke yao. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha minazi na mikarafuu, na vyombo bandarini vikatupwa pwani au kuzama. Hata Sultani Barghash hakusalimika. Meli zake zilikwenda. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Safari za boti kati ya Unguja na Dar es Salaam zikasimamishwa. Vizuri. Je, ngalawa ziliambiwa ziende wapi?

Baada ya Spice Islander, Septemba 2011, na Skagit, Julai 2012, tulizungumza sana juu ya meli, na ilikuwa haki. Lakini mvuvi akipotea peke yake haundiwi tume. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kwa meli hiyo ni kuyumba, kwa ngalawa ni jeneza.

Tunataka nini basi? Si makubwa. Kila diko liwe na maboya imara ya kufungia vyombo. Milango ya mwamba iwekewe taa. Tahadhari isiishie redioni. Bendera nyekundu ipandishwe dikoni, kila mtu aione. Na pale wataalamu watakaposema panafaa, ujengwe ukuta wa mawe wa kuvunja mawimbi.

Na sisi tusikae tukalalama tu. Maji ya bamvu hapa kwetu hupanda na kushuka kama mita 4. Ukifunga kamba fupi maji yametoka, yakijaa yataing'oa nanga yako. Pima kina cha maji yakiwa yamejaa, kisha toa kamba mara tano yake au zaidi. Pale inaposuguana na mbao, ivishe kitambaa kizito. Ukisikia tahadhari, pandisha chombo juu mapema, usingoje giza. Vaa jaketi la kuokolea. Halimpunguzii mtu uanaume. Mwambie mtu wa pwani unakwenda wapi na utarudi lini, ili ukichelewa KMKM wajue pa kukutafuta. Na mikoko ya Chwaka tuiache isimame, maana nayo ni ukuta, tena hautaki saruji.

Vijana, wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Wakubwa watazunguka kote, lakini siku ya kura watarudi hapa hapa barazani. Wakija, msiwaombe fulana wala kofia. Waulizeni: maboya ya dikoni kwetu yako wapi? Na akija mtu wa chama chetu sisi, muulizeni vilevile.