Mchapishaji Mdogo Hulipwa Mwisho

Hotuba kwa waandishi, walimu na wenye maduka ya vitabu wa Kisii na Nyamira



Kuna maneno mawili ambayo hata ofisini huchanganywa: mchapaji na mchapishaji. Mchapaji ni mwenye mashine. Mchapishaji ni yule anayepokea mswada, akamtafuta mhariri na mchoraji wa jalada, akamlipa mchapaji, kisha akazunguka na maboksi kutafuta wanunuzi. Mchapaji hudai amana kabla mashine haijanguruma, na salio kabla maboksi hayajatoka mlangoni. Mchapishaji husubiri hadi kitabu kiuzwe. Mwandishi husubiri nyuma yake. Anayelima majani chai Nyamira anaijua subira ya bonasi, lakini yeye angalau hupata malipo ya mwezi akingojea.

Kwa miaka mingi, vitabu vilivyomweleza Omogusii vilitoka mbali. Utafiti wa Robert na Barbara LeVine kuhusu Nyansongo ulichapishwa New York mwaka 1966. Historia ya Abagusii kabla ya ukoloni, iliyoandikwa na William Ochieng', ilitolewa Nairobi mwaka 1974 na East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa na wakoloni mwaka 1948. Ni kazi za maana, ila uamuzi wa nini kichapishwe haukufanywa hapa.

Mambo yamebadilika, na waliobadilisha ni watu wachache wenye mifuko midogo. Mwaka 2013 Kennedy Momanyi Bosire na Gladys Kwamboka Machogu walitoa kamusi ya Ekegusii chini ya mradi wao wenyewe wa ensaiklopidia ya lugha hii. Matunda Nyanchama, mwana wa Gusii anayeishi Kanada, alianzisha Nsemia, kampuni ya uchapishaji iliyotoa kitabu cha Profesa John Akama kuhusu Abagusii mwaka 2017, pamoja na vitabu kadhaa vya Christopher Okemwa wa Chuo Kikuu cha Kisii. Okemwa ndiye mwanzilishi wa tamasha la mashairi la Kistrech, ambalo limewaleta Kisii washairi kutoka mataifa mengi.

Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii wapatao milioni 2.7. Hiyo si lugha ndogo. Hata hivyo, mchapishaji mkubwa wa Nairobi hupiga hesabu ya wanafunzi wa jamhuri nzima kabla ya kukubali mswada, na kitabu cha Ekegusii hakifiki hapo. Kisipochapishwa na mtu wa nyumbani, hakichapishwi.

Sasa tuitazame hesabu yenyewe. Huu ni mfano tu, lakini waliowahi kuchapisha wataitambua. Kitabu kinauzwa shilingi 500. Kuchapa nakala 500 kwa shilingi 200 kila moja ni shilingi 100,000. Duka la vitabu linachukua asilimia 30, yaani shilingi 150, na mchapishaji anabaki na 350. Lazima auze nakala 286 ndipo arudishe pesa za mchapaji peke yake. Zilizosalia ni nakala 214. Zikiuzwa zote zinaleta shilingi 74,900, na hapo ndipo mhariri, msanii wa jalada, nauli ya matatu na mwandishi wote wanapotazamia kula.

Basi ije siku ya uzinduzi. Wageni waheshimiwa wanapewa nakala zao. Baba mdogo anapewa yake, kwani angelipaje na yeye ndiye aliyemsomesha mwandishi? Wanakwaya, wanakamati, rafiki wa shule. Jioni zimetoka nakala 100 bila shilingi hata moja. Hesabu ya nakala 286 haijabadilika, ila sasa zimebaki 114 tu za kuleta faida, ambazo ni shilingi 39,900. Kama mhariri aliahidiwa 40,000, hata ukiongeza shilingi mia moja iliyozidi kwenye zile nakala 286, mchapishaji habaki na hata senti na mwandishi hajaonja kitu. Kitabu cha pili hakitaandikwa, na watu watasema kijana alikuwa na kipaji lakini alikosa bidii.

Kuna pia desturi ya kiongozi kununua nakala moja kwa shilingi 50,000 mbele ya kamera. Ni ukarimu, na mwandishi hushukuru. Lakini pesa hizohizo zingenunua nakala 100 kwa bei ya jalada, zikaenda katika shule za wadi na kusomwa. Picha ingekuwa nzuri vilevile.

Upande wa kunakili, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi katika maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kutoa kitabu kizima fotokopi na kukiuza kandokando ya chuo ni kosa, hata kama anayenunua ni mwanafunzi asiye na pesa. Mwalimu anayetuma kitabu kizima cha PDF kwenye kundi la WhatsApp la wazazi huwa na nia njema. Mchapishaji wa vitabu vya kiada anayeuza nchi nzima anaweza kustahimili hasara hiyo. Mwenye nakala 500 hawezi.

Maduka nayo yana kilio chao. Tangu 2018 vitabu vya kiada vya shule za umma vimekuwa vikinunuliwa na Serikali ya Kitaifa na kupelekwa shuleni moja kwa moja. Wanafunzi wamefaidika, lakini duka la mjini limepoteza wateja wake wa Januari, na mchapishaji mdogo amepoteza rafu aliyokuwa akiitegemea. Tangu 2013 vitabu vinatozwa pia kodi ya VAT ya asilimia 16. Mwenye duka akichukua vitabu kwa mkopo na kuchelewa kulipa, mara nyingi si ubaya wa moyo. Hata hivyo, nakala kumi zilizouzwa Machi zikilipwa Desemba, mchapishaji ndiye aliyegharamia biashara ya duka miezi yote hiyo.

Na serikali je? Jedwali la Nne la Katiba limeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Ibara ya 11 inaitaka Serikali kukuza utamaduni kupitia fasihi, machapisho na maktaba. Mtaala wa umilisi umetoa nafasi ya lugha ya mama katika madarasa ya chini. Kwa hiyo mwandishi anayefika ofisi ya kaunti kuuliza kama vitabu vyake vitanunuliwa haombi msaada. Ameleta bidhaa. Ofisi inayoagiza nakala 50 na kulipa baada ya mwaka imemkopa mtu asiye na cha kukopesha. Ni afadhali iagize 20 na ilipe vitabu vikifika.

Waandishi nao wana sehemu yao. Kitabu kisicho na ISBN ni vigumu kuagizwa na maktaba, na nambari hiyo hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Ombeni kabla ya kuchapa, maana kuibandika baadaye kwa karatasi hupoteza sura ya jalada. Mkataba uandikwe hata kama mchapishaji ni binamu: mrabaha ni asilimia ngapi, unalipwa mwezi gani, na vitabu visipouzwa ni vya nani. Wachapishaji vijana, wanawake na watu wenye ulemavu wajisajili kwa ajili ya asilimia 30 ya zabuni za umma waliyotengewa.

Nje ya ukumbi kuna meza ya vitabu, na bei imeandikwa nyuma ya kila kimoja. Wenye meza wanapokea pesa taslimu na M-Pesa.