Ulimi wa Mchanjaji ni Amana

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah, Mola wa walimwengu, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. 

Leo tunazungumzia chanjo za watoto, na hasa maneno yanayotangulia sindano. Allah alipowatuma Musa na Haruni (a.s.) kwa Firauni, aliwaamrisha wamsemeze kwa upole. Musa naye aliomba afunguliwe fundo la ulimi wake ili kauli yake ifahamike. Ikiwa jeuri aliyedai uungu alisemezwa kwa upole, sembuse mama aliyekuja zahanati na mtoto mgongoni na swali moja moyoni?

Tuyatazame yaliyowafika ndugu zetu wa kaskazini mwa Nigeria. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya kwa watoto mjini Kano. Wazazi walilalamika kwamba hawakuelezwa kuwa hayo ni majaribio, na shauri likafika mahakamani. Jeraha hilo halijapona, mwaka 2003 ukaenea uvumi kwamba matone ya polio yanaua uzazi. Jimbo la Kano likasimamisha chanjo hiyo hadi Julai 2004. Virusi havikungoja mjadala wetu uishe. Vilienea katika nchi nyingi za Afrika, na mwaka 2005 vilikuwa vimekwisha vuka bahari hadi Yemen na Indonesia. Waliolipa gharama ya uvumi ule ni watoto, wengi wao wa Kiislamu, waliopooza viungo.

Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini uliota mizizi kwa sababu ulikuta wazazi ambao hawakuwa wameelezwa lolote. Na hofu ile haikuondolewa kwa amri. Kano ilikubali chanjo iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Watawala wa jadi na maimamu walisimama hadharani. Akina mama wa mitaa ile ile wakafundishwa kwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza na wenzao. Agosti 2020 bara la Afrika likathibitishwa kuwa halina tena virusi asilia vya polio.

Hata hivyo, hatari haiko mbali nasi. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mtoto alikuwa amepoozwa na virusi hivyo nchini Malawi, vikiwa na asili ya Pakistan, na Tanzania ikalazimika kuanza haraka kuchanja watoto katika mikoa inayopakana na nchi hiyo.

Basi twasema: mhudumu wa zahanati afundishwe kuzungumza kama anavyofundishwa kuchoma sindano.

Kwanza, asalimu, aulize na asikilize hadi mwisho. Asicheke wala asikaripie. Mama aliyefokewa kwa kupoteza kadi huenda asirudi, na atakayeadhibiwa ni mtoto.

Pili, aseme kweli. Chanjo ya penta yaweza kuleta homa na uvimbe mahali ilipochomwa. Mzazi aambiwe mapema, aelezwe la kufanya na dalili za kumrudisha mtoto haraka. Akifichwa, homa ikija usiku atauamini uvumi.

Tatu, mzazi asiondoke bila kujua mtoto amepata chanjo gani, inakinga nini, yaweza kuleta nini, na arudi lini: wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ya surua miezi 9 na miezi 18. Aombwe ayarudie kwa maneno yake mwenyewe, ili mhudumu ajue kama ameeleweka.

Nne, akiulizwa asilolijua, akiri kuwa hajui, aende akaulize. Kubuni jibu ni khiyana.

Nao wenye mamlaka wajue kuwa muuguzi mmoja mbele ya foleni ndefu hawezi kuwa mpole kwa kuhimizwa tu. Apewe mafunzo, wasaidizi na wakati.

Na sisi wa misikitini tuna wajibu wetu. Qur'ani Tukufu inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Ujumbe wa simu usiojulikana ulikotoka usisomwe barazani kana kwamba ni elimu. Maimamu wamwalike mhudumu wa afya baada ya swala ya Ijumaa, waumini wamwulize bila kuona haya. Akina baba hasa wahudhurie. Mara nyingi sisi ndio tunaotoa au kunyima ruhusa nyumbani, ilhali kliniki hatuendi, na maelezo hayatufikii.

Tunamwomba Allah azifungue ndimi za wanaohudumia watoto wetu, ayafungue masikio yetu, na awahifadhi watoto hawa tuliopewa amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.