Dawati la Mama na Mtoto: Maelezo ya Kamati ya Fedha



Miaka iliyopita tulikuja mbele yenu kuomba mabati na saruji. Bati linaonekana, mtu akienda likizo Desemba anaonyeshwa alichochangia. Mwaka huu tunaombea kitu kisichopigwa picha: kumsaidia mama mwenye mtoto mchanga aufikie msaada ambao Serikali imekwisha kuupanga.

Wengi wetu tunaoishi mjini tunadhani msaada huo unaombwa kama pasipoti: fomu, sahihi, muhuri. Sivyo. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020, hauna dirisha la maombi. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa wananchi, hujaziwa dodoso nyumbani, kisha orodha hurudi mkutanoni kuthibitishwa. Mama aliyejifungua wiki hiyo, au aliyekwenda kibarua kwenye shamba la mtu, hayupo. Asipokuwa na wa kumtaja, hatajwi. Akishaingia, ruzuku ina sharti: wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wahudhurie kliniki, na kaya isiyotimiza hukatwa.

Sharti hilo hatuna ugomvi nalo. Kliniki ndiko mtoto anakopimwa uzito na urefu, na ndiko anakozungushiwa ule utepe mkononi. Akiwa na miezi 6 hadi 59 na kipimo kikasoma chini ya sm 11.5, huo ni utapiamlo mkali, anatakiwa kutibiwa mara moja. Kinachotuumiza ni karatasi. Majina yetu ya Kiha ni marefu, na mwandishi aliyetoka mkoa mwingine huandika alivyosikia. Jina la mama kwenye kadi ya kliniki lina herufi moja zaidi ya lile la kwenye orodha, na la kwenye kitambulisho cha NIDA ni la tatu. Sisi tunaoshinda na vitabu vya hesabu tunajua maana yake: mama mmoja amekuwa watu watatu, na hakuna hata mmoja wa kulipwa. Na kwetu mpakani kitambulisho chenyewe ni safari. Mtu huulizwa mpaka babu yake alizikwa upande gani.

Mama mmoja wa vitongoji vyetu alianza kuzunguka hivyo mtoto akiwa na miezi 4. Herufi moja ilitaka hati ya kiapo, nakala, na nauli za kwenda Kasulu mjini na kurudi. Jina liliposahihishwa, mtoto alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba hadi miaka 2, zilikuwa zinakaribia kwisha, na udumavu wa kipindi hicho ni mgumu sana kuurekebisha baadaye.

Lipo na fungu jingine. Chini ya mkataba wa lishe, uliosainiwa Desemba 2017 na kisha upya Septemba 2022 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, halmashauri hutakiwa kutenga Sh 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato yake ya ndani. Tuchukue mfano wa kata yenye watoto 2,000: ni Sh milioni 2 kwa mwaka. Si nyingi. Lakini kutenga ni jambo moja na kutoa ni jingine, mhasibu yeyote atawaambia. Diwani anaweza kuuliza kila robo mwaka zimetoka ngapi, nasi tunaweza kumwuliza diwani.

Wapo wazee waliotuuliza kwa nini tusinunue unga wa lishe tukaugawa. Tulilipigia hesabu. Unga ukiisha tutarudi hapa kuomba tena. Tena Kasulu hatuna uhaba wa maharage. Maharage ya Kigoma tunayanunua hata huku mjini. Mtoto anakunywa uji mtupu kwa sababu mama ameuza debe apate fedha ya sabuni na daftari za wakubwa zake. Ruzuku ingelibakiza debe hilo ndani.

Kwa hiyo tunaomba dawati. Kijana mmoja mzaliwa wa pale, anayejua Kiha na kuandika vizuri, akae siku mbili kwa wiki, mojawapo ikiwa ya kliniki. Awe na daftari, mashine ya kutoa nakala, na mfuko mdogo wa nauli na viapo. Atalinganisha majina kabla mambo hayajaharibika, na atawajulisha akina mama tarehe ya mkutano. Hatamwahidi mtu kuingizwa kwenye orodha, maana orodha ni ya mkutano, na hatamtoza mtu hata shilingi.

Tunaomba Sh 5,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama, kwa miezi 12. Mapato na matumizi tutayabandika Kabanga kila robo mwaka, mahali ambapo akina mama wenyewe watayasoma. Fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina, meza ya karibu na mlango. Atakayetoa leo adai risiti yake kabla hajaondoka.