Andika Pale Ulipokwama

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wa programu za kompyuta kutoka Migori na Homa Bay

Vijana wenzangu, nimo katika miaka ya thelathini, kwa hivyo niruhusuni niseme "wenzangu".

Mimi nilisomea uanahabari, si uhandisi wa programu. Lakini mama anapokwenda kuchukua dawa za ARV katika vituo vyetu vingi, rekodi yake hufunguliwa kwenye KenyaEMR. Mfumo huo umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo msimbo wake yeyote anaruhusiwa kuusoma na kuurekebisha. Madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin wa Indiana, Marekani, walianza kuibuni mwaka wa 2004 baada ya kuona mzigo wa kumbukumbu za wagonjwa wa HIV kule Eldoret. Februari 2006 ikaanza kutumika huko huko Eldoret.

Basi mbona tunaoitumia ni wengi, na wanaoitengeneza ni wachache?

Sababu moja imenipata mwenyewe. Niliketi na kijana mmoja tujaribu kuchangia mradi fulani huria, jina silitaji. Mwongozo ulisema: "Pakua msimbo, kisha uujenge." Kwa toleo gani la Java? Kimya. Kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wa mtu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza, ikajaza skrini makosa. Siku ya pili ndipo tulipogundua kuwa toleo letu lilikuwa jipya kuliko lililohitajika. Sentensi moja ingetuokoa. Bando zilikuwa zimekwisha, na yule kijana hajarudi tena.

Simlaumu sana mwandishi wa mwongozo ule. Kwake kila kitu kilikuwa tayari kwenye mashine. Nami katika kazi yangu ya kwanza niliwahi kutangaza basari nikaandika, "Fomu zirudishwe ofisini." Ofisi ipi? Mimi nilijua! Wazazi walizunguka mlango hadi mlango.

Ndiyo maana ninawaomba nyinyi mnaoanza, katika wiki hii ya kwanza kabla hamjasahau, muwe na daftari wazi. Andika toleo ulilotumia, kosa la kwanza lilivyosomeka neno kwa neno, na kilicholitatua. Andika pia ni megabaiti ngapi ulizopakua. Anayenunua bando la shilingi ishirini anahitaji kujua hilo mapema. Usiandike "ni rahisi tu", maana aliyekwama ataona kasoro ni yake.

Kisha tuma marekebisho. OpenMRS hutenga kazi ndogo kwa wageni, na sentensi mbili zilizonyoosha mwongozo ni mchango kamili. Wengi huanzia hapo, wakafika kwenye msimbo wenyewe.

Baada ya chai tutakaa wawili wawili. Ambaye hajawahi kusakinisha programu hii ndiye atashika kibodi, asome mwongozo kwa sauti. Mzoefu atakaa kando na kalamu, aandike kila mahali mwenzake anaposita. Kugusa kibodi haruhusiwi, hata akiombwa.