Sahani Ifuate Kipimo: Kisukari, Figo na Meza ya Futari



Siku ya Figo Duniani huadhimishwa Alhamisi ya pili ya Machi, na mwaka huu imeangukia ndani ya Ramadhani. Saa hizi, kuanzia Lamu hadi Kilwa na visiwani kote, sufuria ziko motoni: mihogo, magimbi, viazi vitamu na ndizi za nazi, maharage, tambi, kaimati. Nimeichagua meza hiyo kwa sababu ina karibu kila swali tunaloulizwa kliniki. Jibu langu nalitanguliza. Hakuna orodha moja ya vyakula inayomfaa kila mwenye kisukari. Chakula chake hutegemea figo zake zimefikia wapi, na hilo halijulikani kwa kujihisi. Hujulikana kwa kipimo.

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku, figo mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu, zikarudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki cha lita moja na nusu hivi kikatoka kama mkojo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, na presha ikapanda nayo, kuta za vichujio hunenepa na kuota makovu. Paul Kimmelstiel na Clifford Wilson waliyaeleza makovu hayo mwaka 1936, walipochunguza figo za watu waliokuwa na kisukari. Kichujio kikishajeruhiwa, protini ya damu iitwayo albumini hupenya na kuingia katika mkojo. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba mtu mzima mmoja katika kila watatu wenye kisukari ana ugonjwa wa figo.

Na ugonjwa huu hauumi. Miguu inapovimba na hamu ya chakula inapokata, sehemu kubwa ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo viwili kila mwaka. Cha kwanza ni cha mkojo: albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini, na ikaonekana tena kipimo kinaporudiwa, figo zimeanza kudhurika. Cha pili ni cha kreatinini katika damu, kinachoonyesha kasi ya uchujaji: ikibaki chini ya 60 kwa zaidi ya miezi mitatu, huo ni ugonjwa wa figo. Mwenye kisukari cha aina ya pili aanze kupimwa siku ile ile anapogundulika. Mwenye aina ya kwanza, miaka mitano baada ya kuugua.

Tuseme majibu ni mazuri, au figo zimedhurika kidogo tu. Mtu huyu hana sababu ya kuogopa mchicha, maharage wala ndizi. Kazi yake ni kuituliza sukari na presha. Achague wanga mmoja: akila muhogo, viazi na tambi vimpite. Dona itamfaa kuliko sembe. Nusu ya sahani iwe mboga. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo ihusishe pia ng'onda, papa mkavu, achari na vile viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi. Magadi tunayolainishia maharage na kisamvu nayo yana sodiamu, ingawa hatuyaiti chumvi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na bizari vitaufanya mchuzi uliwe kwa raha bila hayo yote.

Protini imekuwa chanzo cha hofu nyingi. Mwongozo wa kimataifa kwa mwenye ugonjwa wa figo ambaye hajaanza kusafishwa damu ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi: kipande cha samaki cha gramu 100, kikombe cha maharage yaliyopikwa, na kilichobaki atakipata katika ugali wake. Hiyo si njaa. Lakini akishaanza kusafishwa damu, mahitaji hupanda hadi gramu 1.0 au 1.2 kwa kilo, na anayeendelea kujinyima kwa kushika ushauri wa zamani hukonda na kudhoofu.

Figo zikishuka sana, huenda tatizo jipya likajitokeza: potasiamu. Figo dhaifu hushindwa kuitoa, na baadhi ya dawa nzuri za presha zinazolinda figo huizuia zaidi. Ikirundikana katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla. Sasa itazameni upya meza yetu. Tende, magimbi, ndizi, viazi vitamu: vyote vina potasiamu nyingi. Maji ya dafu, ambayo wengi huyanywa wakiamini yanasafisha figo, yana potasiamu inayozidi ya ndizi mbivu kwa glasi moja tu. Yanamburudisha mzima, lakini kwa mgonjwa ambaye potasiamu yake imepanda ni hatari. Mgonjwa huyo akate mihogo au viazi vipande vidogo, avichemshe kwa maji mengi, ayamwage, ndipo aunge kwa tui. Tena ale kidogo.

Yapo mambo mawili ambayo lazima niyaseme kwa sauti kubwa zaidi. La kwanza: figo husaidia kuondoa insulini mwilini. Zikichoka, insulini hukaa muda mrefu zaidi, na dawa za kisukari kama glibenklamidi hujilimbikiza. Sukari huanza kushuka yenyewe, na nyumbani watu hushukuru wakidhani mgonjwa amepona. Sukari inayoshuka bila sababu ni wito wa kupima figo na kupunguza dawa haraka. Na ikishuka, mwenye potasiamu ya juu apewe maji ya sukari, asipewe juisi ya machungwa. Kwa sababu ya hatari hiyo ya sukari kushuka, mwenye ugonjwa wa figo asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dini imempa mgonjwa ruhusa. Asione haya kuitumia.

La pili: sumu ya figo mara nyingi huingia kwa jina la dawa. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kwa maumivu ya mgongo, huzidhuru figo zilizokwisha kuumia. Na birimbi, tunda letu la achari, lina asidi nyingi ya oksaliki. Madaktari wa Kerala, India, wameripoti watu waliopatwa na kushindwa kwa figo baada ya kunywa juisi yake iliyokolea. Kipande katika mchuzi si sawa na glasi ya juisi, ila mgonjwa wa figo ni heri aliache.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Tanzania, ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, na ni fahari yetu. Hata hivyo, mgonjwa ambaye hajapandikizwa na anasafishwa damu huhudhuria kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, na nyumba nzima huubeba mzigo huo. Kipimo cha mkojo hugharimu sehemu ndogo mno ya mzigo huo.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kliniki za kisukari zisimruhusu mgonjwa amalize mwaka bila kupimwa mkojo na kreatinini. Mtaalamu wa lishe aandike ushauri akiwa na majibu hayo mezani, na aubadilishe majibu yakibadilika. Na anayepika, awe mama, mke, mume au binti, aitwe kliniki pamoja na mgonjwa, kwa kuwa ndiye anayetia chumvi na kumwaga maji ya viazi. Nanyi mnaoishi na kisukari, mkifika kliniki ulizeni swali hili: figo zangu zimefikia wapi? Msitoke mpaka mmejibiwa kwa tarakimu. Ni haki yenu.